Sekunde Arobaini za Mwalimu

Alhamisi ile Fundi hakuja. Saa nne ilifika ikapita, na gazeti la Mwalimu likabaki limekunjwa mezani, upande wa kiti cha mgeni, chai ya Fundi ikipoa pembeni yake.

Kwa miaka kumi na tisa watu hawa wawili walikuwa na utaratibu wao. Mwalimu, ambaye alistaafu baada ya kufundisha historia miaka thelathini, alinunua gazeti linaloipenda serikali. Fundi, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, alinunua linaloichukia. Saa nne asubuhi walibadilishana. Kila mmoja alisoma asichokipenda, kisha wakabishana mpaka Mama, mke wa Mwalimu, awafukuze apige deki. "Ukisoma la kwako tu," Fundi alizoea kusema, "ni sawa na kujipima nguo mwenyewe. Mabega hayakai sawa."

"Kwani leo kafunga?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hajafunga. Sikiliza."

Mama alitega sikio. Cherehani ya Fundi ilikuwa ikienda, tena kwa kasi, kama ya mtu aliyeahidi sare za shule nzima.

"Basi nenda ukamwite. Hatua kumi na mbili tu, au miguu imestaafu nayo?"

Mwalimu alijua kwa nini Fundi hakuja. Mtaa mzima ulijua, maana jana yake jioni mtaa mzima ulikuwa umewasha redio.

* * *

Aliyemwomba aongee redioni alikuwa binti yake mwenyewe. Binti alifanya kazi ya kuhariri sauti katika kituo kilichorusha midahalo ya uchaguzi. Kila mdahalo ulitanguliwa na sauti za wananchi: mkulima, muuguzi, dereva. Safari hii walitaka mtu wa historia, na Binti alisema, "Baba, si unaijua vizuri? Njoo uongee, usiniangushe."

Mtangazaji alimuuliza swali moja tu. Mgombea wa chama kipya ni dikteta au si dikteta? Mwalimu akakataa kujibu ndiyo au hapana. Alisema neno kama hilo ni kibandiko: ukishambandika mtu humtazami tena, unasoma kibandiko. Yeye angelinganisha matendo na matendo. Akaongea dakika nne, kwa mtindo ambao kila mwanafunzi wake aliujua. Kwanza alinyoosha mkono wa kushoto na kueleza ubaya wa upande mmoja bila kuuhurumia. Kisha alinyoosha wa kulia, akaueleza upande wa pili vilevile. Darasani hakuruhusu mtu kunyoosha kidole kabla ya mkono wa pili.

Lakini kituoni kila sauti ilipewa sekunde arobaini. Hiyo ilikuwa sheria ya mhariri mkuu, mtu mwembamba aliyependa saa, ambaye wafanyakazi walimwita Sekunde. Kanuni yake nyingine ilikuwa imebandikwa ukutani: Ingia penye moto, toka kabla ya moshi.

Siku ile Binti alikuwa na sauti kumi na moja za kukata kabla ya saa kumi na mbili. Ya baba yake ilikuwa ya tisa. Moto aliupata mara moja, katika mkono wa kushoto: "Nikimsikia mgombea wa chama kipya akisema anayo majina ya maadui wa nchi, nakumbuka Mwaka wa Orodha. Nao walianza hivyo hivyo." Alikata hapo. Alipofika kwenye sekunde ya arobaini alitua, akavua hedfoni.

"Bosi, huyu ana mkono wa pili. Ndiyo kwanza anaanza kuongelea chama cha zamani."

"Mkono wa pili tutaurusha kesho," Sekunde alisema bila kuinua macho. "Sauti ya kumi iko wapi?"

Binti alivaa hedfoni akaendelea na sauti ya kumi. Dakika tatu za mwisho za baba yake hakuzisikiliza.

* * *

Mwaka wa Orodha kila mzee wa nchi ile anaujua. Serikali ilisoma majina redioni kwa siku tatu, na waliosomwa walifuatwa na malori. Wengi hawakurudi. Mama mmoja mwenye duka la pembeni, mtaani hapo hapo, alikuwa na miaka sita baba yake alipopakiwa. Kumlinganisha mgombea na mwaka ule halikuwa jambo dogo. Usiku ule katika mdahalo mgombea wa chama cha zamani alitabasamu akasema, "Mimi sina la kuongeza, mwanahistoria amemaliza." Mgombea wa chama kipya alisema nchi imechoka na vibaraka wenye pensheni.

Asubuhi yake Mwalimu alikuwa na majina mawili. Wa chama kipya walimwita kibaraka, na mmoja wao aliliandika neno hilo kwa mkaa ukutani, chini ya dirisha la sebule. Wa chama cha zamani walimwita shujaa. Hao walikuja mlangoni, mwanamume na mwanamke waliovaa kofia za kampeni, wakamletea kalenda yenye uso wa mgombea wao.

"Tupige picha kidogo, mzee wetu. Shika kalenda hapa juu."

"Mimi si wa chama chenu."

"Tunaelewa, Mwalimu. Siku hizi lazima mtu ajifiche kidogo." Mwanamke alimkonyeza.

Walipiga picha hata hivyo, yeye akiwa ameshika kalenda kwa mbali, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyejikojolea. Mama alicheka, akaacha ghafla alipoona uso wa mumewe. Kuitwa kibaraka Mwalimu alikuwa amekuvumilia tangu asubuhi. Kuitwa shujaa kulimfanya akae chini.

* * *

Jumamosi alivuka barabara. Fundi alikuwa akimpima mteja, mama mnene mwenye sauti kubwa.

"Fundi."

"Mwalimu."

Siku zote alimwita kaka.

"Chai inapoa siku ya tatu sasa."

"Nina kazi. Uchaguzi huu kila mtu anataka nguo mpya, sijui wanadhani wataapishwa wao." Alisogeza futi kiunoni mwa mteja. "Geuka, mama."

Mteja aligeuka, akakutana na Mwalimu ana kwa ana. "Ee, ndiye huyu wa redioni? Mwalimu, na sisi tukumbuke ukipewa ubalozi."

"Yale hayakuwa yote niliyosema," Mwalimu alimwambia Fundi. "Walikata."

"Lakini yale uliyasema?"

"Niliyasema."

"Basi." Fundi aliandika kipimo kwenye daftari, akanyoosha mstari kwa uangalifu usiohitajika. Kisha akashusha sauti. "Umemchukua mtu wangu ukamweka kundi moja na wale. Na wewe, kuliko mtu yeyote hapa duniani, unajua kwa nini nilikimbilia chama hiki."

Mwalimu alijua. Miaka mingi nyuma, siku ambayo Fundi alitoka kumzika baba yake, alimwambia jambo ambalo mkewe mwenyewe hakulijua. Baba yake alikuwa karani wa serikali, na Orodha ilipita mezani kwake. Alilisema mara moja, hawakulirudia tena. Fundi alijiunga na chama kipya siku kilipoanzishwa, kwa sababu kilikuwa cha kwanza kisicho na mkono wa mzee wake.

"Mkono wa pili ndio ulikuwa muhimu," Mwalimu alisema. "Ungeusikia ungenielewa."

"Mwalimu, mteja wangu amesimama."

* * *

Nyumbani Mama ndiye aliyesema imetosha. Wazazi wawili walikuwa wamewatoa watoto wao katika masomo ya ziada ya Mwalimu, na neno ukutani lilifutwa mara mbili likarudi mara mbili.

"Wewe ulimkata, wewe utamshona," alimwambia Binti. "Mimi sijui redio. Ninachojua ni kwamba baba yako anashinda amekaa anasikiliza cherehani ya mwenzake."

Binti aliandika barua kwa kamati ya malalamiko ya utangazaji, Mwalimu akaitia saini. Hawakutarajia kitu. Lakini uchaguzi ulikuwa karibu, kamati ilitaka kuonekana inafanya kazi, na baada ya siku tisa jibu lilikuja: kituo kirushe mahojiano yote, dakika nne, bila kukata hata neno, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kabla ya mdahalo wa mwisho.

Sekunde alimwita Binti ofisini.

"Umenishitaki kwa mkono wa baba yako."

"Uliniambia kesho, bosi. Sasa ni wiki ya pili."

"Unajua kesho ya redio ni nini? Ni kitu unachomwambia mtu ili afanye kazi leo." Alipekua karatasi. "Kuanzia Jumatatu uko matangazo ya vifo. Huko hakuna chama."

Binti alitoka. Barua ya kamati ilikuwa mkobani, na mahojiano yote yalikuwa kwenye simu yake. Aliona anaweza kuvumilia matangazo ya vifo. Akaona pia hakuna haja ya kungoja Ijumaa. Kuna mtu mmoja aliyestahili kusikia kabla ya wengine. Alishuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwa Fundi. Wala hakupita nyumbani.

* * *

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kushonesha au umetumwa?"

"Nimejituma. Naomba dakika nne zako. Nisikilize halafu unifukuze."

Fundi alicheka kidogo kwa mara ya kwanza katika wiki hizo. "Dakika nne! Kwenu si mnagawa sekunde?" Lakini aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Binti aliweka simu juu ya kitambaa.

Sekunde arobaini zilipita. Kisha sauti ya Mwalimu ikasema: "Huo ulikuwa mkono wa kushoto. Sasa wa kulia. Chama cha zamani kisishangilie, maana Orodha ile iliandikwa katika ofisi zao." Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema ndiyo, ndiyo, huyu ndiye ninayemjua. Binti alitabasamu.

Sauti iliendelea. "Na msidhani iliandikwa na mashetani. Aliyeipiga taipu alikuwa karani mpole, baba wa watoto wanne. Alianza asubuhi. Mchana alifika kwenye jina la jirani yake, mtu aliyekula naye jana yake, akalipiga herufi kwa herufi bila kukosea. Jioni akarudi nyumbani, akapiga pasi shati la kesho. Najua kwa sababu mwanawe ni rafiki yangu. Anashona nguo mtaani kwetu, na ni mtu mwema kuliko mimi. Kwa hiyo msimtafute dikteta jukwaani tu. Mtafuteni mezani, mtafuteni kwenye..."

Fundi alinyoosha mkono akaifunika simu kwa kiganja, kama anayezima mshumaa. Sauti iliendelea chini ya kiganja mpaka Binti alipoichukua akaizima.

"Mtaa huu una mafundi nguo wangapi?" Fundi aliuliza.

"Ni wewe tu, baba mdogo."

"Na mama wa duka la pembeni, baba yake aliishi jirani na nani?"

Binti hakuwa akijua. Sasa alijua.

"Kila mwaka ananiletea kitambaa nimshonee gauni la kumbukumbu ya baba yake. Ananiambia, Fundi, wewe ndiye unayejua nilivyo." Fundi alichukua mkasi, akaurudisha mahali pake. "Baba yako hakusema uongo. Angesema uongo ningekuja tukagombana, yangeisha. Amesema kweli, ila kweli yenyewe haikuwa yake."

"Itarushwa Ijumaa," Binti alisema. "Yote. Mimi ndiye niliyeomba."

Fundi alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Binti zaidi.

"Basi ile siku ya kwanza ulipoikata, mwanangu," alisema, "uliniokoa bila kujua. Nenda nyumbani."

* * *

Mwalimu alisikiliza maelezo ya binti yake amesimama, kisha akavua miwani.

"Nilisema anashona?"

"Ulisema, Baba."

"Nilisema mtaani kwetu?"

"Ulisema."

Alijaribu kukumbuka alivyokuwa chumbani mle, mbele ya kipaza sauti. Alikumbuka furaha tu, ile ya mwalimu aliyepata mfano unaofaa. Miaka thelathini alikuwa akitafuta mifano: mfalme huyu, vita vile. Kwake walikuwa wamekufa wote, na wafu hawakumwandikia barua za kulalamika.

"Nilidhani namsifu," alisema.

"Ulimsifu kwa siri yake," Mama alisema.

Binti alikuwa ameshawaza njia. "Tunaweza kukata pale pa karani tu. Sekunde hamsini hivi. Mengine yabaki, watu wajue ulisema pande zote."

"Kamati imesema nini?"

Kamati ilisema bila kukata hata neno. Binti mwenyewe ndiye aliyeomba maneno hayo katika barua, akayapigia mstari.

"Basi ni yote au hakuna," Mwalimu alisema.

Mama aliacha alichokuwa akifanya. "Subiri kwanza. Na jina lako je? Mimi ndiye ninayesugua ule ukuta. Ijumaa ikipita hakuna tena mdahalo. Watakuzika na neno lile."

"Watanizika mimi. Yeye atabaki hapa, na mama wa duka atabaki hapa, na barabara ni hiyo hiyo."

"Wangeelewana. Si Fundi aliyemchukua baba yake, alikuwa mtoto."

"Pengine. Lakini wa kumwambia ni yeye, mke wangu. Si mimi, wala si redio."

Mama aligeukia dirisha, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanamume akikosea kwa kusema sana hurekebisha kwa kunyamaza, na gharama zote mbili mkewe ndiye hulipa. Mwalimu alikubali kwamba ni kweli.

* * *

Kesho yake baba na binti walikwenda kituoni. Sekunde aliwapokea vizuri mno. Aliagiza soda. Kuondoa malalamiko ni haki ya kila mwananchi, alisema, ila lazima kuwe na maandishi ya kupeleka kwenye kamati. Karatasi ilipochapwa Binti aliisoma kwanza, akairudisha mezani.

"Baba, usisaini hii."

Ilisema kwamba kipande kilichorushwa kiliwakilisha kwa haki maoni ya mlalamikaji, na kwamba kituo kilikuwa na ruhusa ya kukitumia wakati wowote bila kumuuliza yeye wala warithi wake.

"Ni maneno ya kawaida tu ya ofisi," Sekunde alisema.

Mwalimu aliisoma mwenyewe, mara mbili, kama alivyosahihisha mitihani. "Nina sharti moja. Mahojiano yote yafutwe sasa hivi, mbele yangu."

"Mzee, hata nafasi ya kuyaweka hatuna."

Binti ndiye aliyeyafuta. Kwanza kwenye kompyuta ya kituo, kisha kwenye simu yake. Kompyuta iliuliza kama ana uhakika. Alimtazama baba yake, naye akatingisha kichwa kukubali. Kisha Mwalimu alitia saini, kwa mwandiko uleule mzuri wa ubaoni, akauliza choo kiko wapi. Alikaa huko muda mrefu.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu Fundi aliwaambia wateja warudi kesho. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Mwalimu alikataza. Alikaa nyuma ya cherehani na redio ndogo magotini, mlango umefungwa nusu. Saa kumi na mbili ulipigwa muziki. Ukapigwa wimbo wa pili, na wa tatu, kisha mdahalo ukaanza. Fundi aliendelea kungoja mpaka wagombea walipoagana, asije akawa amekosea saa.

Jumamosi saa nne alisukuma mlango wa nyumba ya Mwalimu bila kubisha.

"Shemeji, kibaraka yupo?"

Mama alishika moyo, kisha akashika kiuno. "Yupo. Anavaa. Kibaraka wetu siku hizi anachelewa kuamka."

Mwalimu alitokea akiwa na kifungo kimoja kimerukwa. Walitazamana. Fundi alivuta kiti akakaa, akamimina chai mwenyewe.

"Redio haitoi kitu bure. Umesaini nini huko kwao?"

"Karatasi."

"Inasemaje?"

"Inasema mimi ni mtu wa sekunde arobaini."

"Mfupi hivyo?" Fundi alisema. "Nami nilikuwa nakukatia suruali ndefu miaka yote hii." Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamgeuka. Aliinamia kikombe mpaka kikapita, na Mwalimu akajishughulisha na kile kifungo. "Ungeniuliza tu, kaka."

"Ningekuuliza."

"Ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana ilinipasa kuuliza."

Hawakuliongelea tena. Chama cha zamani kilishinda kwa kura chache, na wa chama kipya wakasema ni kwa sababu ya watu kama Mwalimu. Mama alisugua ukuta. Masomo ya ziada hayakupata wanafunzi tena, na mwaka uliofuata, mwezi wa nane, figo zilimchukua Mwalimu baada ya siku kumi na saba hospitalini. Fundi alilala kwenye benchi la wodi siku kumi na mbili kati ya hizo. Binti aliliandika tangazo la kifo mwenyewe, akalipeleka kwa msomaji likiwa na majina yote.

Sasa uchaguzi mwingine umefika. Kila jioni saa moja kasorobo kituo kinarusha zile sekunde arobaini kutangaza kipindi cha mdahalo, na kwa karatasi ile aliyoisaini hakuna mtu katika familia anayeweza kuzuia.